Mtu Aliyesimama Juu ya Kifaru

Gervas alipofariki, binti yake alinipigia simu siku ya tatu baada ya maziko. Taarifa ya msiba nilikuwa nimekwisha kuipata. Yeye alitaka kuniuliza kuhusu sanduku la bati. "Shangazi, humu kuna picha za vifaru, nyingi mno, na nyuma yake kuna maandishi. Mama anasema mwandiko ni wako." Nikamwambia ni wangu. Akauliza wazifanye nini, nami nikapanda basi asubuhi iliyofuata kwenda Ushirombo, mji ambamo nilikuwa sijalala kwa zaidi ya miaka thelathini. Walinitandikia mkeka katika chumba cha mbele, wakaniletea chai ya maziwa na lile sanduku, wakaniacha. Picha zilikuwa mia na kitu, zimefungwa kwa uzi wa pamba mafungu mafungu, na nyuma ya kila moja nilikutana na herufi za msichana mmoja aliyenyoosha sana mistari yake, kama mtu anayeandika ubaoni huku mkaguzi amekaa nyuma ya darasa. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nilidhani kazi niliyopewa ni ya kuandika tu.

Ule ulikuwa mwaka wa vita vya Kagera. Nilitoka chuo cha ualimu na godoro la pamba na ndoo moja, nikapangiwa shule ya msingi pale Ushirombo. Nyumba za walimu zilikuwa zimejaa, kwa hiyo mwalimu mkuu akanipeleka kwa Mzee Paskali, ambaye zamani alikuwa fundi wa mitambo ya kuchambua pamba na sasa alikuwa amestaafu kwa sababu ya macho. Alinipa chumba cha uani, chenye dirisha moja la mbao na harufu ya mafuta ya mashine ambayo haikutoka hata baada ya kupiga sakafu maji mara tatu. Ukuta wa upande wa kulia ulinitenga na mama yake, Bibi Nyamizi. Ulikuwa ukuta wa tofali mbichi usiofika juu mpaka kwenye bati, hivyo kila alichosema Bibi nilikisikia, na Bibi alikuwa mtu wa kusema. Alisema kwa Kisukuma, maana alikuwa ameletwa na mwanawe kutoka upande wa Didia, na Kiswahili alikiita lugha ya kununulia chumvi. Mchana, nilipotoka shule, nilimkuta amekaa kizingitini anatafuna michembe, vile viazi vilivyokatwa na kukaushwa juani, na kabla sijamaliza kumwamkia alikuwa ameniuliza swali lake la kila siku: "Masanja amekuja?"

Wiki ya kwanza nilidhani Masanja ni mjukuu aliyetumwa sokoni. Mke wa Mzee, Mama Gervas, ndiye aliyenieleza tukiwa jikoni tunachambua mlenda. Masanja alikuwa mwana wa pili wa Bibi, mdogo wa Mzee Paskali. Wote wawili walichukuliwa kwenda keya, jeshi la Mwingereza, wakati wa vita vya Wazungu, wakapigana Uhabeshi dhidi ya Mtaliano, na walipokuwa wakipelekwa Burma meli aliyopanda Masanja ilizamishwa. Mzee alikuwa amebaki bandarini hospitali kwa homa, akafuata na meli nyingine. "Hana kaburi," alisema Mama Gervas, "na hakuna mtu hapa nyumbani anayeikumbuka sura yake isipokuwa Bibi na Mzee, na kwa Mzee inafifia pamoja na macho. Bibi anachosubiri ni picha." Kisha akaangua kicheko kidogo, cha huruma. "Aliambiwa mwanawe alipigwa picha juu ya kifaru. Yeye anafikiri ni faru yule wa porini, mwenye pembe. Nimemweleza nimechoka. Anasema Masanja hakuwa na woga tangu mdogo."

Siku ya Jumamosi Mzee Paskali aliniita barazani. Alikuwa mwembamba, mrefu, na alipozungumza nawe alielekeza sikio badala ya uso. "Mwalimu, unaona vizuri?" Nikasema naona. "Basi nikuombe macho yako, kama hutachukia." Akafungua sanduku la bati. Ndivyo nilivyoviona vifaru kwa mara ya kwanza maishani, vimelala humo kama barua za mtu. Picha hizo alikuwa akizikusanya kwa miaka mingi. Mzungu mmoja wa kikosi chao aliyekuwa na kamera ndiye aliyempiga Masanja picha ile, akawasafishia nakala askari waliotaka, kila mmoja akaondoka na yake, na wale askari baada ya vita wakatawanyika hadi Geita, Isaka, Kahama na kwingine. Nakala ya Mzee mwenyewe alimpa Masanja amtunzie, kwa vile mikono yake ya fundi ilikuwa na grisi muda wote, na nakala hiyo ilizama. Kwa hiyo alianza kuwaandikia wakongwe wenzake: kama una picha yoyote ya kifaru cha vita vile, naomba niione. Watu walimletea walichokuwa nacho. Wengine walikata magazetini. Wengine walileta kifaru ambacho hakijawahi kufika Afrika. Bruda mmoja mzee wa misheni alimpa sita za vita vya kwanza vya Ulaya, alizokuwa ameachiwa na kaka yake.

Hizo sita za Bruda ndizo alizozipenda kuliko zote, ingawa zilikuwa mbali kabisa na alichokitafuta. Zilionyesha vifaru vya mwanzo, visivyo na mnara juu, vikubwa kama vibanda, minyororo yake ikizunguka mwili mzima kuanzia tumboni hadi mgongoni. Kimoja kilikuwa na magurudumu mawili nyuma. "Gusa hapa," aliniambia, akiweka kidole changu kwenye picha kana kwamba hata mimi sioni. "Waliogopa hakitaweza kukata kona, wakakipa mkia. Baadaye wakagundua mkia ni mzigo, wakautoa. Fundi yeyote angefanya hivyo hivyo mara ya kwanza." Asubuhi, jua likiwa kali, alizileta karibu na jicho la kushoto na kioo cha kukuzia, akaona umbo la chuma, minyororo, bunduki. Nyuso hakuziona tena. Kazi yangu ilikuwa kumsomea nyuso: askari wangapi, wamevaa nini, wamesimama vipi, mweusi au mweupe, kijana au mtu mzima. Aliposikia, alinieleza nami nikaandika nyuma. Nilipenda kazi ile kuliko nilivyokiri. Ilikuwa inanipa kiti barazani, uji wa mtama wenye maziwa, na mtu mzima aliyenisikiliza kana kwamba ninayosema yana uzito.

Balozi wa nyumba kumi alikuja mara moja kuzitazama, maana maneno yalikuwa yamezagaa kwamba kwa Paskali kuna picha za zana za jeshi, na wakati wenyewe ulikuwa wa vita. Alizipitia zote, akasimama kwenye kile kifaru chenye mkia. "Hiki ni cha leo?" Mzee akamjibu kwamba kina umri kama wake yeye balozi na zaidi. Balozi akanywa maji, akaaga. Lakini vita vyenyewe havikuwa mbali nasi. Gervas, mtoto wao wa pekee wa kiume, alikuwa mwanajeshi na alikuwa huko. Redio ilipoanza taarifa ya habari Mama Gervas aliacha alichokishika mkononi, hata kama ni mwiko wenye ugali. Mwezi wa tano ililetwa habari katika nyumba ya tatu kutoka kwetu kwamba kijana wao hatarudi, na kwa wiki nzima tulipika kidogo, tukala kwa kunong'ona.

Wiki hiyo hiyo ilifika barua kutoka Isaka. Mjane wa askari mmoja wa keya aliandikiwa na mtu aliyemjua Mzee, akajibu kwamba marehemu aliacha picha ya kifaru. Tulisubiri shule zifungwe mwezi wa sita, tukaomba nafasi kwenye lori la pamba. Nyumba ya yule mama ilikuwa nyuma ya stesheni, karibu kiasi kwamba mabehewa yalipogongana vikombe vilitikisika mezani. Alitupokea vizuri, akatupa wali na kunde, akatuuliza habari za njia, za macho ya Mzee, za shule. Ndipo akaleta kitambaa cha kanga kilichokunjwa mara nyingi, picha ikiwa ndani. "Mume wangu aliikataza isitundikwe," alisema. "Nilimuuliza sababu, akaniambia picha nyingine ni za kukaa nazo tu. Mimi sina haja nayo. Chukueni." Mzee alimshukuru, "Wabeja, wabeja mayu," ingawa yule mama hakuwa Msukuma.

Tulitoka nje penye mwanga. Picha ilikuwa ndogo, upana wa vidole vinne, imepauka kwenye kona. Kifaru kilikuwa kidogo pia, hakizidi sana mkokoteni wa ng'ombe, na juu yake alisimama kijana mweusi, kofia mkononi, meno nje. Chini, mbele ya mnyororo wa kushoto, alikuwa amelala mtu. Mwanzoni nilidhani ni turubai. Halafu nikauona mkono, kiganja kikiwa wazi kuelekea juu, kisha nikaona kwamba mguu mmoja haupo mahali ambapo mguu hukaa. Naye alikuwa mweusi, kama aliyesimama. Mzee alikuwa ameshika kioo chake, amekiona kifaru. "Umbo ndilo," alisema. "Lakini vya namna hii tulivikamata vingi, na kila mtu alitaka kupanda. Niambie mtu." Nikamwambia: kijana, anacheka, kofia mkononi. "Wengi walicheka," alisema. Treni ya mizigo ilikuwa inajipanga. Kisha akauliza, polepole sana: "Yuko peke yake?"

Nimeishi na swali hilo. Nilimtazama yule mzee mwenye mtoto vitani, nikaifikiria ile nyumba ya tatu, nikamfikiria Bibi akipewa picha ile mkononi, yeye mwenye macho mazima, akiona chini ya miguu ya mwanawe kitu kile. Nilijiona nina hekima. Nilijiona nimekua. "Yuko peke yake, Mzee," nikasema. Uso wake ulilegea, na mimi nikadhani ni faraja. "Basi siyo yenyewe," alisema. Nilishtuka, nikamwambia pengine ndiyo, tumwonyeshe Bibi atambue mwenyewe. Akakataa kwa ukali ambao sikuwahi kuusikia kwake. "Nimpe mama mtoto wa watu, amlilie kama wake? Hapana." Tuliporudi Ushirombo niliandika nyuma yake: Askari mmoja juu ya kifaru. Hajulikani. Ikaingia sandukuni, katika fungu la vifaru vya Mtaliano, na mimi nilijiambia kwamba nimemwokoa mtu.

Mwezi wa nane alisikia kwamba Geita yupo mkongwe mwenzao, mlinzi wa mitambo iliyobaki kwenye mgodi uliofungwa, na kwamba ana picha. Sikuweza kuondoka shule. Alikwenda na shemeji yake. Siku ya tano ya safari hiyo, Bibi Nyamizi hakutokea kizingitini kwake asubuhi. Nilipopumzisha darasa saa sita nilimkuta Mama Gervas anampa maji kwa kijiko. Mchana ulikuwa wa joto, bati linalia juu yetu. Mama Gervas alikimbia kumwita bruda wa zahanati, akaniacha mimi na Bibi. Alinitazama akanijua. "Masanja amekuja?" Sanduku lilikuwa chumba cha pili, hatua kumi na mbili, nimezipima mwaka huu. Niliinuka. Nilifika mlangoni. Nikayakumbuka maneno ya Mzee, mtoto wa watu, nikarudi kukaa. Nilimwambia, "Yuko njiani, Bibi." Alitikisa kichwa kama mtu aliyekwisha kuzoea jibu hilo. Bruda alipoingia, Bibi alikuwa ameshatulia. Mzee Paskali aliwasili siku mbili baada ya maziko, na picha tatu za Geita mfukoni, zote za malori.

Gervas alirudi mwezi uliofuata kwa likizo fupi, amekonda, na tabia mpya ya kukaa akiwa ameegemeza mgongo ukutani. Hakusimulia vita, nasi hatukumuuliza. Alilala, akatengeneza paa la jiko, na alipokosa kazi alilifungua lile sanduku, akawa anazitazama picha moja moja. Siku ya Jumapili tulikuwa tunakula pamoja, ugali na samaki wakavu kwa karanga. Gervas aliosha mikono, akakaa, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anauliza habari za mvua: "Baba, ile ya yule aliyelala chini umeipata wapi?"

Mkono wa Mzee ulisimama juu ya sahani. "Aliyelala chini wapi?"

"Mbele ya mnyororo. Mwingine amesimama juu, ameshika kofia. Nilidhani ni mtu wa kwetu huyo wa juu. Pua yake ni ya Bibi kabisa."

Mzee aligeuza sikio lake kuelekea nilipokaa, na akalishikilia hapo. "Mwalimu?" alisema. Gervas alinitazama mimi, akamtazama baba yake, akaelewa kwamba ameweka mguu mahali pabaya. "Uliiona?" aliniuliza Mzee. Nikasema niliiona. "Kwa nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba niliogopa, kwamba Gervas alikuwa huko na nyumba ya tatu ilikuwa na msiba. Akanawa mikono yake, taratibu, kidole kwa kidole. "Alama yangu ilikuwa hiyo moja," alisema. "Vijana wenye kofia wanafanana. Nilijua tu kwamba siku ile hakuwa peke yake." Nikaanza kusema, "Na Bibi..." Akaninyamazisha. "Usimtaje mama leo." Akainuka akaenda ndani, akipapasa ukuta.

Kwa wiki tatu hakuniita barazani. Alinijibu marahaba, akaniuliza kama nimekula, lakini kiti changu kilikaa kitupu. Nilikuwa nimefunga godoro, nimekwenda kumwomba mwalimu mkuu anitafutie chumba kwingine, Mama Gervas akalifungua mwenyewe na kulitandika tena bila kusema neno. Siku moja baada ya shule nikasikia sauti ya Mzee. "Mwalimu. Njoo nayo. Nianzie chini." Nilikaa, nikaanzia chini. Nilimweleza kiganja, mguu, vumbi, kiatu kilichokuwa pembeni. Aliniuliza kama macho ya yule mtu yamefumba, nikasema picha ni ndogo, sioni, na safari hii ilikuwa kweli. Kisha nikapanda kwenye mnyororo, kwenye chuma, kwenye buti za Masanja, kofia, meno, pua. Alisikiliza mpaka kivuli cha nyumba kikatufikia. "Nilifanya kosa lile lile kama lako," alisema mwishoni. "Ningekwambia tangu mwanzo cha kutafuta, ungekipata. Niliona aibu. Aliyempiga yule wa chini, askari wa Mtaliano, ni mimi. Masanja alipanda tu juu kwa sababu Mzungu alimwambia panda." Akauliza nimeandika nini nyuma. Nikamsomea, nikatafuta kifutio. "Acha," alisema. "Andika mengine chini yake." Niliandika aliyoyasema, na bado yapo pale, kwa wino mwingine, binti wa Gervas ameyasoma mbele yangu kwa sauti, na nikamweleza haya yote, na amesema watabaki na sanduku.

Nimewahi kufundisha mamia ya watoto kwamba ukweli ni kitu chepesi, kinachosemwa na kuisha. Sikuwaambia kwamba niliwahi kumnyima mama sura ya mwanawe kwa sababu nilikuwa mwema. Mwema ni neno ninalolisema kwa makusudi, maana ubaya ningekuwa nimekwisha kuutubu. Huu wema sijui hata leo niuweke wapi.

Kabla ya mwaka kuisha Mzee Paskali aliniomba nimsindikize misheni. Alitaka misa. Paroko alichukua kalamu, akaandika jina la mama yake, Maria Nyamizi, kisha la mdogo wake, Mikaeli Masanja. "Na mwingine mmoja," alisema Mzee. Paroko akauliza jina.

"Silijui, Padre. Nilikuwa na bunduki, hatukuulizana."

"Alikuwa Mkristo?"

"Alikuwa na uzi shingoni. Sikuangalia umefungwa nini."

Paroko akaandika maneno mawili, akakunja karatasi.

Jumapili kanisa lilijaa. Nilikaa upande wa wanawake, na Mama Gervas. Mzee alikuwa benchi la tatu mbele, na kofia yake magotini. Katekista alisimama kusoma nia za misa, akaifungua ile karatasi. Akamtaja Maria Nyamizi. Akamtaja Mikaeli Masanja. Halafu akasita, akaigeuza karatasi nyuma kuona kama jina limeandikwa huko, akamwangalia paroko. Mzee Paskali hakumwona, lakini aliusikia ule ukimya. Akasimama, mkono kwenye benchi la mbele yake, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Soma hivyo hivyo."

Katekista akasoma: "Na mwenzao." Watu wote tukapiga magoti.